Mgeni wa Kiwanjani na Mgeni wa Jikoni



Wiki hii tulikusudia kuandika habari za singo na udi wa harusi, kama tulivyoahidi. Mtuwie radhi. Tumerudi Arusha na jambo kifuani, na tumeona tulitoe hilo kwanza, maana linawahusu wanaoolewa mwaka huu na sisi tuliokwisha kuolewa zamani.

Mdogo wetu wa mwisho aliolewa Arusha. Wengi wenu mlikuwepo kwenye harusi, mkala biriani na mkasifu hina yake. Miezi 4 baadaye akatupigia simu usiku, saa 5, sauti ndogo kama aliyejifungia chooni. Akasema, "Njooni mnichukue." Tukamuuliza kama mume amempiga. Akasema hapana, mume ni mtu mwema, anaswali, anamhudumia. Tukamuuliza basi kuna nini. Akasema, "Hapa kila ninachokifanya ni kosa."

Hatukumwambia mtu. Tulipanda boti ya asubuhi hadi Dar es Salaam, tukalala kwa ndugu, na kesho yake alfajiri tukakamata basi la Arusha. Tulifika usiku tumejifunga khanga juu ya masweta, meno yanagongana. Watu wa pwani, Julai ya Arusha si mchezo.

Mkwe wake mwanamke alikwisha kufariki, Allah amrehemu, kwa hiyo mwenye sauti katika nyumba ile ni wifi yake mkubwa. Ni mwanamke wa makamo, mchapakazi, hijabu yake haina doa. Alitupokea vizuri mno. Chai ya tangawizi, maji ya moto ya kuoga, mablanketi mawili mawili. Tukaangaliana: huyu ndiye?

Ijumaa mchana tukaona. Walikuja wageni baada ya swala, na mdogo wetu akapewa kazi ya kupika ndizi nyama. Walimpa ndizi mshare, zile za kule milimani, ambazo hajawahi kuzimenya maishani mwake. Hakujua kwamba unapaka mafuta mikononi kwanza na kuzitia ndizi majini upesi zisipige weusi. Vidole vyake vikajaa utomvu, ndizi zikawa kama zimepakwa masizi. Akajaribu kuziokoa kwa namna anayoijua: akatia tui la nazi. Zilipofika mezani, wifi akaonja, akaweka kijiko, akasema mbele ya wageni wote, "Nani katuletea futari na Ramadhani imeshapita?"

Wageni wakacheka. Hata sisi midomo ilitucheza, maana ni kweli, zilikuwa futari. Mdogo wetu akacheka pia, kisha akaenda jikoni na hakurudi hadi wageni walipoondoka.

Usiku ule tulizungumza na kukubaliana: Jumapili tunaondoka naye, tutasema mama anaumwa. Wallahi tulikuwa tumeshapanga uongo.

Jumamosi asubuhi, wifi akagonga mlango. "Nani anataka kuja na mimi gofu?"

Hatukujua kwamba anacheza. Kumbe ana miaka mingi, na mumewe ndiye aliyemwanzisha. Hucheza na wanawake wenzake, amevaa shati refu pana lenye kola, suruali isiyobana, hijabu aliyoichomeka vizuri ili upepo usiilete usoni. Wako wanaowekeana fedha kwa kila shimo. Yeye hakai meza hiyo, anasema kamari ni kamari hata ikichezwa juu ya majani mazuri.

Gofu Arusha si jambo jipya. Gymkhana ya Arusha ina kiwanja katikati ya jiji, na upande wa Usa River kiko kiwanja kikubwa cha Kili Golf chenye mashimo 18. Wachezaji wa kike wanaojulikana nchini, kama Madina Iddi na Neema Olomi, ni wa Arusha. Na msidhani sisi wa visiwani hatuhusiki. Zama za Waingereza palikuwa na uwanja wa gofu Mnazi Mmoja, pale pale tunapopita kila siku, ila haukuwa wa bibi zetu. Leo Mangapwani hoteli ya Sea Cliff ina kiwanja cha mashimo 9. Kiwanja tulichokwenda siku ile hatutakitaja, maana tulikuwa wageni wa watu.

Tulifika saa 1 na nusu. Mlima Meru ulikuwa wazi wote, mita 4,562, umesimama kama umekuja kutuangalia. Wifi akatukabidhi kwa kijana mmoja kedi, yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo. Sisi wawili tukasema tutatazama tu. Mdogo wetu akapewa fimbo.

Dada zetu, kazi ya gofu ukiielezwa ni nyepesi: kuna mpira mdogo, kuna shimo lenye upana wa milimita 108, upeleke mpira shimoni kwa mapigo machache uwezavyo. Mdogo wetu alipiga pigo la kwanza, fimbo ikapita hewani. La pili, hewani. La tatu akapiga ardhi, kipande cha nyasi kikaruka mbali kuliko mpira.

Tukamwangalia wifi. Tulikuwa tumeshajiandaa kusikia neno.

Hakusema kitu. Alikwenda akakiokota kile kipande cha nyasi, akakirudisha mahali pake, akakikanyaga kwa unyayo kishike. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi bado naling'oa. Tunalirudisha, linaota." Akamwonyesha jambo moja tu, namna ya kushika. Kedi naye akaongeza, "Dada, angalia mpira, mlima haukimbii." Pigo la nne mpira ukaenda. Haukwenda mbali, lakini ulikwenda.

Tulipofika shimo la tatu, nyuma yetu wakatokea wanaume wanne, wazoefu. Na hapa ndipo tulipojifunza kwamba wazoefu hawafanani.

Wa kwanza alipaza sauti tokea mbali, "Kama hamjui, nendeni mkajifunze kwanza!" Tuliona mikono ya mdogo wetu inatetemeka. Wifi akanyoosha mkono, akawapungia wapite. Akatusogeza sote pembeni, akatuambia tunyamaze na tusimame tuli mpaka wamalize kupiga. Baadaye alituambia kwamba yule bwana alikuwa na haki ya kupita, kwa sababu adabu ya kiwanja ni kwamba aliye mwepesi apishwe na aliye mzito. "Haki alikuwa nayo," akasema. "Kilichomshinda ni ulimi."

Wa pili alikuwa mwema, na pengine wema wake ulikuwa mbaya zaidi. Alisimama kwa mdogo wetu akaanza kumfundisha bila kuombwa: bega hivi, goti hivi, kichwa usinyanyue, kiuno zungusha, pumua. Mambo matano kwa pumzi moja. Mdogo wetu akapiga akakosa kabisa, akakosa tena. Bwana yule akaondoka ameridhika. Kumbe katika mashindano, sheria za gofu zinakataza kumpa ushauri mpinzani wako, na katika mchezo wa kuhesabu mapigo anayefanya hivyo huongezewa mapigo 2 ya adhabu. Tuliposikia hivyo tulicheka hadi tukashika mbavu. Laiti majikoni mwetu kungekuwa na adhabu hiyo, nusu ya mawifi wa Unguja wangekuwa hoi.

Wa mwisho alikuwa mzee wa mvi. Alipopita alisimama kwenye majani marefu, akainama kwa taabu, akaokota mpira ambao mdogo wetu alikuwa ameshaukatia tamaa. Akamrushia taratibu. "Binti," akasema, "mwaka wangu wa kwanza mipira niliyoipoteza ni mingi kuliko niliyoipiga." Akaenda zake. Alitumia labda nusu dakika, na tangu hapo mdogo wetu alitembea mabega yakiwa juu.

Msidhani upole wa wifi ulikuwa wa kulea uzembe. Shimo la tano mdogo wetu alifikisha mapigo 10 na mpira bado uko mbali. Wifi akamwambia, "Okota, twende la mbele. Wenzetu wasitusubiri." Hakumdanganya kwamba amepiga vizuri. Mpira ulipotea tena shimo la sita, akaangalia saa: sheria inampa mtu dakika 3 za kuutafuta, zamani zilikuwa 5 na zikapunguzwa mwaka 2019. Dakika 3 zilipokwisha akatoa mpira mwingine mfukoni, basi. Sheria ilifuatwa yote, na hakuna aliyeaibishwa.

Tulipopumzika, akatueleza jambo ambalo limetukaa kichwani mpaka leo. Katika gofu kila mchezaji ana handikapu yake. Ni mapigo anayosamehewa kwa kadiri ya uwezo wake, ili mgeni na mzoefu waweze kushindana. Tangu 2020 utaratibu wa dunia nzima unaruhusu handikapu hadi 54, kwa wanaume na wanawake. Akatuchorea hesabu kwenye kijikaratasi: yeye mwenye handikapu ya 14 akipiga mapigo 88, anabaki na 74. Mgeni mwenye 54 akipiga mapigo 124, anabaki na 70. Nani kashinda? Mgeni. Na hakuna anayesema amependelewa, maana kila mmoja amepimwa kwa safari yake. Kadiri unavyojua mchezo ndivyo handikapu inavyoshuka, na mtu hujivunia ikishuka. Lakini ya mwanzo hupewi kwa kuonewa huruma. Ni haki yako.

Mdogo wetu alikuwa amekaa, anavichezea vidole vyake ambavyo bado vilikuwa na weusi wa utomvu. Akasema taratibu, bila kumwangalia mtu, "Wifi, na jikoni nako nina handikapu?"

Tulitamani ardhi ipasuke. Kedi akajifanya anapangusa fimbo.

Wifi hakujibu. Alikunja kile kikaratasi mara mbili, akakitia mfukoni. Akasema adhuhuri inakaribia, tukatafute maji. Tuliswali, tukala mihogo ya kuchoma, tukarudi nyumbani, na njia nzima alikuwa kimya. Sisi tukasema basi, mambo yameharibika, kesho tunaondoka na sababu tunayo.

Jioni tulimkuta jikoni na mdogo wetu. Mbele yao mkungu wa ndizi mshare. Wifi alikuwa amempaka mafuta mikononi mwenyewe, kama mtu anavyompaka mtoto. Tulisimama mlangoni tukasikia anasema, "Mama yangu alinifundisha nikiwa na miaka 8. Wewe nimekupa siku moja." Halafu akasema, "Na yale maneno ya jana mbele ya watu, nisamehe." Mdogo wetu akamjibu kwamba ameshasamehe, ila akaomba siku moja ampikie ndizi za nazi kama zinavyopikwa kwetu, na aambiwe kweli ni tamu au si tamu. Wifi akacheka.

Hatusemi mambo yamekwisha. Kukosea kutakuwepo, na ulimi ukishazoea hauachi kwa siku moja. Lakini Jumapili tuliondoka wawili, kama tulivyokuja, na mama hakuumwa.

Ndani ya basi tulimkumbuka sahaba Muawiya bin al-Hakam, Allah amridhie, ambaye kisa chake kimo katika Sahihi Muslim. Alikuwa mgeni katika dini. Yuko katika swala nyuma ya Mtume (s.a.w.), mtu akapiga chafya, naye akamwombea rehema kwa sauti. Waliokuwa katika swala wakamkazia macho. Alipozidi kushangaa na kusema, wakajipiga mapaja wamnyamazishe. Swala ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kwamba maneno ya watu hayafai ndani ya swala, kwamba swala ni tasbihi, takbiri na kusoma Qur'ani. Muawiya mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba hakukaripiwa, hakupigwa wala hakutukanwa, na kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko yeye, kabla wala baada. Angalieni vizuri: kosa halikuitwa sawa. Lilisahihishwa. Lakini mtu alitoka pale anampenda aliyemsahihisha. Na wale waliojipiga mapaja walikuwa watu wema pia, waliokuwa wakiilinda swala yao, kama wifi alivyokuwa akiilinda meza ya marehemu mama yake.

Tulipofika Chalinze tukaacha kumzungumza wifi. Tukaanza kujizungumza wenyewe.

Kaka yetu ameoa binti wa Tabora. Miaka 6 iliyopita, akiwa mwali mbichi nyumbani kwetu, alijaribu kupika mkate wa kumimina. Haukuumuka. Ulitoka chini mbichi, juu umeungua, katikati uji. Sisi hawa hawa mnaotusoma kila wiki, tunaowaandikia habari za subira na huruma, tuliupiga picha. Tukaituma kwenye kundi la familia na maneno ya kuchekesha. Shangazi wa Muscat wakacheka, wa Pemba wakacheka. Hakusema kitu. Na katika miaka yote 6 hajapika tena mkate wa kumimina, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kwa nini. Tulikwenda Arusha kumwokoa mdogo wetu na jambo ambalo sisi tumelifanya kwa mtoto wa watu, na mtoto wa watu hakuwa na dada wa kumpigia simu saa 5 usiku.

Kwa hiyo, dada zetu, haya machache tunayaweka hapa, kwenu na kwetu:

Bi harusi, ukiingia nyumba ya watu wewe ni mgeni wa kiwanja, hata kama kwenu ulikuwa bingwa. Uliza kabla ya kutia nazi. Ukikosea, lirudishe jani ulilong'oa na uendelee. Usipozwe na mmoja mwenye kelele. Mtafute aliyeokota mpira wako, maana hakosi kuwepo.

Mume, usisubiri mkeo ajifungie chooni na simu. Wewe ndiye unayezijua njia za nyumba ile. Mwambie mapema nani anapenda nini, kama kedi anavyomwambia mchezaji palipo na mchanga.

Wifi na mkwe, fundisha jambo moja kwa siku, tena pembeni. Ukishasahihisha mbele ya wageni, somo limepotea na aibu ndiyo imebaki. Na ukumbuke mtu aliyekufundisha wewe alikuvumilia miaka mingapi.

Na kwa wanaotuuliza kama mwanamke wa Kiislamu anaweza kujifunza gofu: mavazi ya sitara hayazuii, kola na mikono mirefu ndivyo viwanja vinavyopenda. Shauriana na mumeo au walii wako, chagua wenzako wa kucheza nao, kaa mbali na kamari na meza za ulevi, na panga muda wako usije ukapitwa na swala. Nenda na mtu anayejua. Na kabla ya kumkubali awe mwalimu wako, mtazame kwanza anavyomfanyia asiyejua.

Tulipofika nyumbani tulimpigia simu mke wa kaka yetu, tukaiweka sauti juu tumsikie sote wawili. Tukamwomba radhi kwa mkate na kwa picha. Alinyamaza muda mrefu, tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ile picha shangazi bado anayo. Mwaka jana aliirudisha kundini." Hatukuwa na jibu. Tukamuuliza kama atatukubalia tuje kwake Jumapili, atufundishe kupika mlenda wa kwao, sisi tukosee na yeye atuangalie.

Akasema, "Njooni. Lakini simu mziache nyumbani."

Tuombeeni dua tusipatie. Allah atujaalie wepesi katika ndimi zetu, awape maharusi wetu watu wa kuwaokotea mipira yao, na atusamehe sisi tuliocheka. Amin.